Ubini na Nasaba: Kuufuata Ukoo wa Hans Mattson, Mhamiaji wa Kiswidi na Konseli wa Marekani

Makala haya yanakusudia kuchunguza namna ukoo wa mhamiaji unavyofuatwa kinyumenyume, kutoka nchi aliyohamia hadi kijiji alikotoka, na hasa namna muundo wa jina lake unavyomwongoza mtafutaji au kumpoteza. Mfano uliochaguliwa ni Hans Mattson, Mswidi aliyehamia Marekani mwaka 1851 na ambaye, miaka thelathini baadaye, alitumwa na nchi yake mpya kuwa konseli mkuu mjini Calcutta, India. Amechaguliwa kwa sababu maisha yake ya hadharani yanajulikana sana: alishika vyeo, aliandika kumbukumbu zake mwenyewe, na jina lake limo katika nyaraka za jimbo na za taifa. Mtu wa namna hii hudhaniwa kuwa rahisi kumtafutia nasaba. Sivyo. Nyaraka alizoziacha kama mtu mkubwa, zikiwa peke yake, hazimfikishi mtafutaji mbali. Lakini mstari mmoja ulioandikwa na mchungaji wa kijijini, tena kwa nia nyingine kabisa, waweza kumfikisha. Na yule aliyefunga naye ndoa mwaka 1855, nyaraka hizo hizo za mumewe karibu zamfuta.

Hans Mattson alizaliwa tarehe 23 Desemba 1832 katika parokia ya Önnestad, karibu na mji wa Kristianstad, katika mkoa wa Skåne ulio kusini kabisa mwa Uswidi. Watu wake walikuwa wakulima. Akiwa kijana alitumikia jeshi la mizinga kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hivi, akifunzwa kazi ya uofisa. Lakini katika jeshi la siku zile mwana wa mkulima hakuwa na tamaa kubwa ya kupanda mbele ya wana wa makabaila. Akavuka bahari akiwa na umri wa miaka 18. Baada ya dhiki na vibarua vya miaka ya kwanza, mwaka 1853 aliongoza kundi dogo la Waswidi hadi Goodhue County katika nchi ya Minnesota, ambayo haikupata kuwa jimbo kamili la Marekani hadi mwaka 1858. Makao yao yaliitwa kwanza kwa jina lake, kisha yakapewa jina la Vasa, kwa heshima ya Mfalme Gustav Vasa wa karne ya 16.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, Mattson aliwaita Waskandinavia wenzake kwa njia ya gazeti la Kiswidi la Hemlandet, akawa kapteni wa kombania yao katika kikosi cha tatu cha Minnesota, na kabla ya vita kwisha alikuwa amefikia cheo cha kanali. Mwaka 1867 akawa katibu wa bodi ya jimbo iliyoundwa ili kuwavuta wahamiaji. Akarudi Uswidi kwa ziara, na mwaka 1869 akaondoka tena huko na kundi kubwa la wahamiaji. Akawa Katibu wa Jimbo la Minnesota tangu 1870 hadi 1872. Akakaa tena Uswidi akiwa wakala wa kampuni ya reli ya Northern Pacific, iliyotikiswa vibaya na msukosuko wa fedha wa mwaka 1873. Akashughulika na magazeti. Akaenda Calcutta kati ya 1881 na 1883. Akarudi kuwa Katibu wa Jimbo tangu 1887 hadi 1891. Alifariki dunia tarehe 5 Machi 1893 mjini Minneapolis.

Hapa yafaa kusimama kidogo kwenye cheo cha Calcutta, kwa sababu ni vyeo vya namna hii ambavyo masimulizi ya ukoo hupenda kuvipandisha. Kiswahili chenyewe hakimsaidii mtu kutofautisha: katika Unguja ya karne ya 19 konseli wa Kiingereza aliitwa balozi bila ya shaka yoyote, na neno hilo hilo ndilo linalotumika leo kwa mwakilishi wa rais kwa rais mwenziwe. Lakini katika utumishi wa Marekani wa wakati ule kazi hizi zilikuwa mbili. India ilikuwa chini ya taji la Uingereza tangu 1858, na mambo yake ya nje yaliamuliwa London. Kwa hiyo mwakilishi wa kisiasa wa Marekani alikaa London, naye konseli mkuu wa Calcutta, mji uliokuwa makao makuu ya India ya Waingereza hadi mwaka 1911, alishughulikia biashara, meli, mabaharia waliokwama, hati za shehena na mali za raia waliofia ugenini. Tena nafasi hizi ziligawanywa kwa misingi ya chama. Mageuzi yaliyoanza kuubadili utaratibu huo yalikuja mwaka 1906. Si vigumu kuona kwamba Mswidi wa Minnesota, mfuasi wa chama cha Republican na mtu ambaye maelfu ya wapiga kura wenzake walimsikiliza kwa lugha yao, alikuwa mtu wa kukumbukwa nafasi zilipogawiwa.

Faida ya jambo hili kwa mtafutaji wa nasaba ni ya kumwelekeza mahali pa kutazama. Akiamini kwamba babu yake alikuwa balozi, atatafuta katika barua za kidiplomasia na hatakuta kitu. Akijua kwamba alikuwa konseli, atakwenda kwenye mfululizo wa barua ambazo makonseli walimwandikia Waziri wa Mambo ya Nje, na ambazo zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Marekani. Humo atakuta saini, tarehe, bei za bidhaa na malalamiko juu ya posho. Lakini hata hapo atamkuta mtu ambaye ameshakuwa Mmarekani kamili. Barua za konseli hazina haja ya kusema baba yake aliitwa nani wala alilima shamba gani. Serikali iliyomtuma haikumtuma kwa sababu hiyo.

Basi turufu inabaki kwenye jina. Mattson si jina la ukoo kwa maana inayozoeleka. Ni kirai. Katika Kiswidi jina la baba, Matts, hutiwa s ya umilikishi, kisha hufuatwa na son, yaani mwana wa kiume: Matts-s-son, mwana wa Matts. Ile s ya katikati yafanya kazi ile ile inayofanywa na kiunganishi -a katika Kiswahili. Binti wa Matts huyo huyo hakuitwa Mattsson bali Mattsdotter. Na mwana wa Hans hangeitwa Mattsson hata kidogo, kama wangalibaki Önnestad. Angeitwa Hansson, na dada yake Hansdotter. Kwa hiyo katika nyumba moja ya mkulima wa Skåne wa miaka ya 1830 mtu angeweza kukuta baba mwenye ubini mmoja, mama mwenye ubini wa pili, wana wenye wa tatu na mabinti wenye wa nne, nao wote ni damu moja na meza yao ni moja.

Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa zaidi, kwani bin na binti zimefanya kazi hiyo hiyo huku kwa karne nyingi, na orodha ya Fulani bin Fulani bin Fulani ni shajara iliyokunjwa ndani ya jina. Tofauti ni kwamba Kiswidi cha vijijini kiliishia kwenye hatua moja tu. Jina lilimtaja baba, likanyamaza. Anayetaka babu ni lazima amtafute baba kwanza akiwa hai mahali fulani, na kumsoma ubini wake mwenyewe. Mfano wa jina kuganda, yaani ubini wa mtu mmoja kugeuka kuwa jina la vizazi vinavyofuata, wapatikana Kenya pia: Odinga lilikuwa jina la baba yake Jaramogi Oginga Odinga kabla halijawa jina la nyumba nzima. Kilichotokea Kenya chini ya kalamu ya makarani na walimu wa shule kilitokea kwa Waswidi wengi katika safari moja ya meli.

Ni kweli kwamba si Waswidi wote waliokuwa na ubini wa kubadilika. Makabaila walikuwa na majina ya nyumba zao, mfano Gyllenstierna, nyota ya dhahabu. Watu wa miji walijiundia majina ya mwituni, kama Lindberg, ambalo ni jina la mti na mlima. Wachungaji na wasomi walitia miisho ya Kilatini au Kiyunani. Mchungaji wa kwanza mkaazi wa Vasa, Eric Norelius, ni wa kundi hili. Na askari wa kawaida, chini ya utaratibu wa kila wilaya kulisha askari wake ulioimarishwa tangu 1682, walipewa majina mafupi ya kijeshi kwa kuwa haiwezekani kuamrisha kombania yenye kina Anders Andersson kumi na wawili: Rask, mwepesi, Modig, jasiri, Svärd, upanga. Jina la askari mara nyingi lilifuata nafasi yake, likaachiwa askari aliyekuja baada yake ingawa hawakuwa na udugu wowote. Mtafutaji anayeona wawili wenye jina Svärd katika kijiji kimoja na kuwafanya baba na mwana amejenga nasaba juu ya bunduki iliyobadilishwa mikono. Mattson mwenyewe alipita jeshini lakini akatoka na ubini wake, nayo ni bahati kwa anayemtafuta.

Kwa kuwa jina hubadilika, kitu cha kushika ni mahali. Hili ndilo geuko kubwa la fikira ambalo mtafutaji wa ukoo wa Kiswidi ni lazima alifanye mapema: aache kuuliza akina Mattson walikuwa nani, aulize ni nani waliokaa katika shamba fulani la parokia fulani katika mwaka fulani. Na kwa swali hilo Uswidi ina hazina ambayo nchi chache zinazo. Sheria ya kanisa ya mwaka 1686 iliwataka wachungaji waandike waliozaliwa, waliooana, waliokufa, waliohamia na waliohama, na zaidi ya hayo waweke orodha ya kila kaya kwa ajili ya mtihani wa dini wa nyumbani. Orodha hii, husförhörslängd kwa Kiswidi, ndiyo mhimili wa utafiti wote.

Yafaa ieleweke ilivyofanya kazi. Mchungaji alizikusanya kaya, akawasomesha watu maneno ya kitabu na kuwauliza Katekisimu ya Luther, kisha akatia alama mbele ya kila jina: huyu asoma vizuri, huyu kwa shida, huyu afahamu maana, huyu akariri tu. Kila shamba lilipewa ukurasa wake au sehemu ya ukurasa. Waliandikwa mume, mke, watoto, watumishi na wazee waliolelewa humo, pamoja na tarehe na parokia ya kuzaliwa ya kila mmoja. Waliandikwa kama wamepata ndui au chanjo, lini wameshiriki meza ya Bwana, wametoka wapi na wamekwenda wapi. Kitabu kimoja kilitumika kwa miaka mitano hadi kumi hivi, mchungaji akirudi mwaka baada ya mwaka kuongeza na kufuta. Mtu akifa au akihama, jina lake lilichorwa mstari. Mwaka 1895 vitabu hivi vilirithiwa na vitabu vya parokia vya namna mpya, vilivyoacha mtihani na kubakiza orodha.

Hiki kilikuwa chombo cha kuwatawala watu, hilo lisifichwe. Mkulima hakuandikwa ili wajukuu wamjue bali ili kanisa na mfalme wajue kama asoma, kama atii, yuko wapi na alipe nini. Asiyejua Katekisimu hakuweza kuoa kwa urahisi. Aliyehama parokia alipaswa kuchukua cheti cha kuhama kwa mchungaji wake na kukikabidhi kwa mchungaji mpya. Lakini kwa sababu jicho hilo lilimtazama kila mtu, pamoja na kijakazi wa miaka kumi na minne na ajuza asiyeweza tena kusoma, limewahifadhi wote. Katika nchi nyingi watu maskini wa mwaka 1830 wamepotea. Uswidi wapo, tena na alama zao za kusoma.

Katika Skåne mtafutaji ni lazima ajihadhari kidogo. Mkoa huu ulikuwa wa Denmark hadi mkataba wa Roskilde wa mwaka 1658, na orodha nyingi za kaya zilizobaki huko zaanza mwanzoni mwa karne ya 19 tu. Kwa kijana aliyezaliwa mwaka 1832 hili si tatizo: yeye na wazazi wake wamo katika kipindi kinachosomeka. Tatizo huja babu na nyanya wanapotafutwa nyuma ya hapo, ambapo pabaki ubatizo, ndoa, mazishi na orodha za kodi, na majina yarudiayo rudiayo bila ya ukurasa wa shamba wa kuyafunga pamoja.

Juu ya kuondoka kwenyewe, Mattson alikwenda mapema mno kwa urahisi wa mtafutaji. Orodha mashuhuri za polisi wa bandari ya Göteborg, zilizoandika kila mhamiaji pamoja na parokia yake na mji aendao, zaanza mwaka 1869. Kabla ya mwaka 1860 Mswidi alihitaji pasi ili kutoka nchini, kwa hiyo kwa mtu wa mwaka 1851 hutazamwa kumbukumbu za pasi na safu ya waliohama katika kitabu cha parokia, ambamo mara nyingi maneno Norra Amerika, Amerika ya Kaskazini, ndiyo anwani yote. Alishuka Boston. Marekani ilikuwa imewataka manahodha watoe orodha za abiria tangu sheria ya mwaka 1819, lakini orodha hizo ziliwekwa kwa ajili ya kuhesabu watu. Nchi ya kutoka yatajwa, kijiji hakitajwi. Kuna kejeli fulani katika hili: vizazi vya wale walioletwa na Mattson mwaka 1869 wana nafasi nzuri ya kuwapata babu zao katika vitabu vya polisi wa Göteborg kuliko kizazi cha Mattson mwenyewe.

Kati ya 1850 na 1930 walihama Waswidi kiasi cha milioni 1.2 au 1.3, kutoka nchi ambayo mwaka 1850 ilikuwa na watu milioni 3.5 hivi. Njaa ya miaka 1867 hadi 1869 iliwasukuma. Ardhi ya bure iliyotolewa na sheria ya Marekani ya mwaka 1862 iliwavuta. Mawakala kama Mattson walisimama katikati wakiwa na ramani na bei za tikiti. Mamia ya maelfu ya Mattsson, Andersson na Persdotter waliingia katika nchi ambayo mtu alitakiwa awe na jina lisilobadilika. Ubini aliokuwa nao baba siku ya kushuka ndio uliobandikwa juu ya wote waliomfuata. Ile s ya umilikishi ikadondoka katika tahajia, Mattsson akawa Mattson, na kilichokuwa sentensi fupi juu ya baba kikawa lebo. Isisahauliwe hata hivyo kwamba wachungaji wa Uswidi nao waliandika mara kwa s moja na mara kwa mbili, kwa hiyo s peke yake si ushahidi wa kitu. Herufi å, ä na ö nazo zilipoteza alama zake, na kwa kuwa katika alfabeti ya Kiswidi herufi hizi huja mwisho kabisa, anayetafuta Önnestad kwenye O katika faharasa ya Kiswidi atakata tamaa bure.

Sensa za Marekani zamsaidia mtu kwa kiasi. Tangu 1850 kila mtu huru aliandikwa kwa jina. Tangu 1880 uhusiano wake na mkuu wa kaya pia. Mahali pa kuzaliwa paandikwa Sweden tu. Sensa ya mwaka 1890, ambayo ingemwonyesha Mattson akiwa katika kilele cha cheo chake, iliangamia karibu yote kufuatia moto wa mwaka 1921 mjini Washington. Mafaili ya pensheni za askari wa vita vya 1861 hadi 1865 ni bora zaidi, kwa sababu mjane aliyedai pensheni alipaswa kuithibitisha ndoa yake. Lakini daraja lenyewe la kuvukia bahari ni kanisa. Waswidi Walutheri wa Marekani waliunda sinodi yao ya Augustana mwaka 1860, na wachungaji wao, waliolelewa katika desturi ile ile ya 1686, waliendelea kuandika washiriki kwa Kiswidi na kwa safu zile zile: jina, tarehe na parokia ya kuzaliwa, mwaka wa kufika Marekani. Mahali ambapo serikali iliandika Sweden, mchungaji wa Vasa alikuwa na sababu ya kuandika parokia. Nakala za vitabu vingi vya sinodi hiyo zimekusanywa katika kituo cha Swenson kilichoanzishwa mwaka 1981 katika chuo cha Augustana, mjini Rock Island, Illinois.

Kumbukumbu za Mattson mwenyewe zilitoka kwa Kiswidi na kwa Kiingereza. Toleo la Kiingereza lilichapishwa Saint Paul mwaka 1891 kwa jina la Reminiscences: The Story of an Emigrant. Ni kitabu chenye thamani, na mtafutaji ataanza nacho, kwa maana kinamtajia Önnestad na kumwokoa miezi ya kazi. Lakini ni kitabu cha mtu aliyetumia robo ya maisha yake akiwashawishi Waswidi wahame. Kila kituo cha maisha yake humo kinaelekea kuthibitisha kwamba kuhama kulikuwa sawa: nyumba ndogo ya Skåne ni mwanzo, ofisi ya konseli mkuu wa Calcutta ni jibu. Kwa mpango huo mababu hawana kazi kubwa. Mtu anayejieleza kuwa alijijenga mwenyewe hawezi kuwa na wahenga wengi. Kitabu cha mchungaji, ambacho hakikujali kama Hans atafika mbali au la, kilimwandika chini ya wazazi wake, mahali pake katika orodha ya shamba, na kumwekea alama ya kusoma kama wengine.

Sasa mkewe. Mwaka 1855 Hans Mattson alimwoa Cherstin Peterson, naye Mswidi. Hilo ndilo jina ambalo habari za Marekani zampa kabla ya kuwa Bi. Mattson, na likitazamwa kwa jicho la sarufi ni jina la ajabu: Peterson ni mwana wa kiume wa Peter. Mwanamke amepewa ubini wa mwanamume. Katika Skåne ya utoto wake binti wa mkulima hakuitwa hivyo. Angeandikwa kwa jina la babaye na dotter, na jina hilo asingelipoteza kwa kuolewa. Mwanamke wa kijijini wa Uswidi wa nusu ya kwanza ya karne ya 19, sawa na mwanamke wa pwani anayebaki binti Fulani katika nyumba ya mume yeyote, alizaliwa, akaolewa, akafiwa na akazikwa na ubini mmoja. Kwa hiyo orodha za kaya za Uswidi zamfanya mke awe rahisi kufuatwa kama mume, na pengine rahisi zaidi, kwa sababu akina Mattsdotter hawakwenda jeshini wakapewa majina mengine. Marekani imeufuta ushahidi huo mara mbili: mara ya kwanza kwa kumgeuza binti kuwa mwana, mara ya pili kwa kumzamisha katika jina la mumewe, ambalo nalo ni la baba mkwe aitwaye Matts.

Basi anayemtafuta Cherstin afanye nini? Kwanza aache Peterson. Jina la Peter katika vitabu vya Kiswidi huandikwa Per, Pehr, Petter, Peter au Peder, na hili la mwisho lina harufu ya Kidenmark inayofaa kutarajiwa Skåne. Kwa hiyo dotter wa jina lolote kati ya hayo ni lazima achunguzwe. Cherstin naye ni Kerstin, na Kerstin ni umbo la kienyeji la Christina. Mchungaji mmoja aliandika Kjerstin, mwingine Chirstina, wa tatu akafupisha Stina. Yote haya si makosa ya tahajia bali ni kanuni ya wakati ambapo jina lilisikika kwanza na kuandikwa baadaye. Pia yawezekana kwamba Peterson ulikuwa umeshaganda kabla yake, yaani kwamba ni ubini wa babaye aliyekuja Marekani na si jina la babaye. Mtafutaji asiyeweka uwezekano wote miwili wazi atampata Cherstin wa mtu mwingine na kumpa wajukuu wasio wake. Jambo hili limekwisha kutokea katika vitabu vingi vya ukoo vilivyochapishwa kwa fedha za familia zenyewe.

Uswidi nayo iliacha desturi ya ubini wa kubadilika. Amri ya mwaka 1901 iliweka kanuni za majina ya ukoo, na katika miongo iliyofuata Andersson za vijijini ziliganda huko huko bila ya kuvuka bahari. Iceland peke yake, miongoni mwa nchi za Skandinavia, imebakiza desturi ya zamani kama kanuni ya wengi. Lakini vitabu vyenyewe havikuharibiwa. Vya parokia za Skåne vilikusanywa katika hifadhi ya mkoa ya Lund, iliyofunguliwa mwaka 1903, na tangu 2018 Hifadhi ya Taifa ya Uswidi inawaachia watu picha zake kwa njia ya mtandao bila ya malipo, hata mtu wa Minnesota aweza kumfungulia Önnestad mjukuu wake kwenye meza ya kulia.

Naye huko Minnesota kuna alama moja ambayo mara nyingi hupuuzwa. Katika vitabu vya kanisa vya sinodi ya Augustana, na wakati mwingine kwenye mawe ya makaburi, jina la mke lililotwaliwa kwa mumewe hufuatwa na herufi f yenye nukta, kifupi cha född, yaani aliyezaliwa, kisha hufuatwa na jina lililoishia na dotter. Wasiojua Kiswidi huidhania kuwa ni herufi ya kwanza ya jina la kati, na huinakili hivyo katika orodha zao: Bi. Fulani F. Persdotter.